Miezi 2 na wimbo mmoja wa Kihispania: uzoefu wangu

Nilipakua programu hii ya simu ya kujifunza Kihispania kwa nyimbo baada ya kuchoshwa na kadi za maneno. Unachagua wimbo, mashairi yanapita kwenye kioo yakiwa na mapengo, nawe unayajaza kwa sikio kabla mstari haujapita. Nikachagua wimbo mmoja tu, wa taratibu, mtu na gitaa lake anajisemesha usiku.

Neno lililoniteka ni esperar. Programu iliandika "kungoja", basi nikawa namwona jamaa amesimama tu, anamngoja asiyekuja. Kumbe esperar ni kutumaini pia, na mwimbaji anacheza na maana zote mbili. Sueño nalo ndivyo lilivyo: usingizi, halafu ndoto. Kwenye kadi unakariri maana moja unasonga mbele. Kwenye wimbo lazima uamue, na ukikosea ubeti mzima unapinda. Hapa programu imeniangusha, maana inashikilia tafsiri moja kwa kila neno, haibanduki.

Ojalá lilinichekesha. Asili yake ni Kiarabu, Mungu akipenda, jamaa kabisa na inshallah yetu, ingawa Kihispania wanalitumia zaidi kama "laiti". Hata hasta, yaani "mpaka", ni ile hata ya "tangu asubuhi hata jioni". Ila nilikuwa natamka ojála, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, Kiswahili kitupu. Aliyenirekebisha ni mwimbaji mwenyewe: anaivuta ile la ya mwisho mpaka unaona aibu kuikosea.

Irabu hazisumbui, ni 5 kama zetu. Kinachosumbua ni zinavyomezana. Mi alma, "roho yangu", inatoka kama "myalma", na mimi nikaandika upuuzi mara 6 mfululizo.

Kosa jingine ni langu. Wimbo wa mtu anayejichunguza una mimi na wewe tu. Siento (nahisi), recuerdo (nakumbuka), hayo nayasema hata usingizini. Siku nilipotaka kusema kwamba rafiki zangu wanakumbuka, nikaganda; recuerdan ilibidi nikaitafute kitabuni, kwa sababu ndani ya wimbo ule hakuna "wao" hata mmoja. Sasa nimeanza wa pili, unaosimulia ugomvi wa familia nzima.

Nyota 3 kati ya 5. Ya nne naitoa siku watakayoniruhusu kuongeza "kutumaini" pale kwenye esperar.