Doa la kisiginoni: uzoefu wangu wa kupimwa na kutibiwa melanoma, saratani ya ngozi

Miezi minane nilitembea na doa jeusi chini ya kisigino cha kushoto nikiamini ni mwiba. Huku kwetu Chamwino miiba ya migunga hupenya hata katambuga, na mimi nashinda kwenye zabibu, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Lilianza kama tone la wino. Likatanuka, upande mmoja jeusi tii, mwingine kahawia, kisha katikati pakaanza kutoa majimaji.

Duka la dawa walinipa krimu ya fangasi. Zahanati moja, sitaitaja, walisema ni sugu. Wakaichonga kwa wembe, wakafunga bendeji, na kile kinyama wakakitupa kwenye ndoo. Hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Kingepelekwa maabara, ningejua miezi minne mapema.

Huduma ninayoisifia ni ya kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992. Nilipanda basi alfajiri Dodoma, tukapita Kondoa, Babati, Arusha. Daktari, binti wa rika la mwanangu, hakukimbilia kidonda. "Shikamoo mzee. Naomba uvue viatu vyote viwili, na soksi." Akakagua nyayo zote mbili, katikati ya vidole, kucha, viganja, akanibonyeza kinenani kutafuta mtoki. Ndipo akaweka kidarubini chenye taa juu ya doa, akapiga picha, akanionyesha: rangi ilikuwa imefuata matuta ya ngozi badala ya kutuama kwenye mifereji. Miaka yote nimelima, sikujua unyayo nao una matuta na mifereji.

Akanichoma ganzi, akakata kinyama. Sindano ya kisiginoni inauma sana, jiandae.

Majibu yalikuwa melanoma ya akrali. Daktari alinieleza taratibu, mke wangu akiwepo: ni saratani adimu, lakini kwa sisi weusi ndiyo sura ambayo melanoma huja nayo zaidi, nyayoni, viganjani au chini ya kucha, na haisababishwi na jua. Bob Marley alifariki nayo 1981 akiwa na miaka 36. Yake ilianzia chini ya ukucha wa dole gumba la mguu. Yangu ilikuwa na kina cha milimita 1.6, na kina ndicho kinachoamua mengi. Walikata doa pamoja na sentimita 2 za ngozi isiyo na ugonjwa kulizunguka, wakaziba kwa ngozi ya paja. Paja liliniuma kuliko kisigino. Tezi za kinena zilipimwa kwa altrasaundi, zikaonekana safi.

Bima ilibeba sehemu kubwa ya matibabu. Nauli, chumba na chakula cha mke wangu vilitoka mfukoni, na mavuno ya Agosti niliyaangalia nikiwa kwenye magongo. Ukienda, nenda na mtu, na uombe akusikilizie majibu, maana neno saratani likishatamkwa masikio yanaziba.

Sasa narudi kliniki kila miezi mitatu. Katikati ya safari hizo, Jumapili jioni mke wangu huwasha tochi ya simu akakagua nyayo zangu, nami nakagua zake.