Tahadhari: muuzaji wa "seti kamili" ya kujazia risasi za bastola

Wakuu, kama unataka kuanza kujaza risasi za bastola nyumbani (yaani kutengeneza risasi upya kwa maganda yaliyokwisha kupigwa), soma hapa kabla hujatuma pesa. Kuna mtu anatangaza "seti kamili ya anayeanza": presi (mashine ya mkono ya kubania risasi), kalibu za milimita 9 (vyombo vya kuumbia ganda), mizani, maganda 500 "yaliyopigwa mara moja tu", chupa ya baruti na kijitabu cha vipimo. Mimi nimeshalizwa. Jina simtaji, maana analibadilisha kila akishtukiwa. Mbinu zake ndizo hazibadiliki, kwa hiyo nazieleza hizo.

Presi yenyewe ni nzima, nisimsingizie. Chuma kizito, mkono wake haulegilegi, na ndiyo anayoipiga picha kila upande. Ukishaiona hiyo unaamini na vilivyobaki viko hivyo hivyo. Katika kalibu tatu, ile ya kusawazisha ganda ilikuja bila sindano ya kutolea fataki (kidonge cha kuwashia baruti, chini ya ganda) iliyokwisha kutumika. Hilo ni dogo, sindano inanunulika peke yake.

Mizani ndiyo iliyonishtua kwanza. Inasoma gramu tu, kwa hatua ya 0.1. Sasa piga hesabu: baruti ya bastola hupimwa kwa greni, na gramu moja ni greni 15.43. Hatua moja ya mizani ile ni kama greni 1.5. Risasi ya milimita 9 mara nyingi hubeba greni nne hadi sita za baruti, kutegemea aina yake na uzito wa kichwa cha risasi, kile kipande kinachoruka. Yaani mizani inaweza kukaa kimya huku umezidisha robo ya kipimo. Nilipomuuliza akajibu, "Anza nayo hiyo hiyo, utazoea." Kuzoea nini? Mizani ya kazi hii husoma greni kwa sehemu ya kumi, na huja na jiwe la kuihakikishia. Kama tangazo halitaji greni, mizani hiyo ni ya kupimia viungo vya jikoni.

Maganda sasa. Nilimwaga gunia zima mezani nikaanza kuchambua, kazi ya jioni mbili. Ganda la milimita 9 lina urefu wa karibu milimita 19. Humo mlikuwa na mengi ya milimita 17, yaani ya risasi fupi zaidi ya .380, ambayo kwa macho ya haraka huwezi kuyatofautisha. Mengine ya chuma yamepakwa rangi ya shaba. Mengine nilipoyamulika ndani nikaona matundu mawili madogo chini badala ya tundu moja la katikati. Hayo ni ya mtindo wa Berdan, na ukiyaingiza kwenye kalibu ya kawaida sindano inavunjika (nashuku ndiko ilikoishia ile ya kwangu). Kulikuwa na yenye ngazi ndani ya ukuta wake, ambayo nafasi ya baruti imepungua, na ya kijeshi ambayo mdomo wa kikalio cha fataki umebanwa. Ukilazimisha fataki mpya humo unaweza kuilipua mkononi. Yaliyopona hayakufika nusu. "Yaliyopigwa mara moja" maana yake aliyaokota yote uwanja wa shabaha bila kuangalia.

Hadi hapo ni hasara ya pesa. Baruti ni habari nyingine.

Chupa ilikuwa na lebo ya kiwanda kinachojulikana, lakini karatasi ya kuziba mdomo haikuwepo, na namba ya toleo ilikuwa imekwanguliwa. Ndani, vipande vingine bapa na vingine vya duara, vimechanganyika. Kwa kawaida kiwanda hakitoi mchanganyiko wa namna hiyo kwenye chupa moja. Kuna baruti chache zilizotiwa alama, kama Red Dot yenye vipande vyekundu, ila nyingi zinafanana, na inayowaka haraka ikikaa kwenye kipimo cha inayowaka taratibu, shinikizo linapanda hadi chemba inapasuka karibu na uso wako. Milimita 9 imewekewa kikomo cha psi 35,000 (pauni kwa inchi ya mraba) na viwango vya SAAMI, shirika la viwanda vya silaha na risasi la Marekani. Kikomo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya kubahatisha. Nikainusa pia: ilikuwa na ukali wa asidi, na kwenye kifuniko kuna vumbi la rangi ya kutu. Baruti ya aina hiyo imeanza kuoza. Baruti nzima hunukia kama kiyeyushi cha rangi.

Sikuijaribu hata risasi moja. Niliimwaga bustanini, kidogo kidogo, imetawanywa sana. Na wewe ukiletewa chupa iliyofunguliwa, hata iwe ya bure, hata iwe ya shemeji yako, fanya hivyo hivyo.

Kijitabu chake ni kurasa zilizopigwa picha kutoka miongozo tofauti, bila jina la kichwa cha risasi wala urefu wa risasi iliyokamilika. Kwenye mistari miwili nukta ya desimali imefutika. Mtu mgeni angesoma namba hiyo mara kumi ya ilivyo. Viwanda vya baruti huchapisha vipimo vyao wenyewe, vingi bure; kijitabu cha muuzaji huna haja nacho.

Nilipolalamika akawa mpole ghafla. Akanielekeza kwa "rafiki yake" mwenye tovuti ya fataki, bidhaa iliyoadimika kila mahali lakini yeye anazo zote, na bei chini ya wengine. Malipo kwa sarafu za kidijitali au kadi za zawadi. Usafirishaji "kama kifurushi cha kawaida, bila ada ya ziada". Hapo ndipo nilipomjua vizuri. Fataki na baruti husafirishwa kama mzigo hatari, na kampuni zinazokubali kuzibeba hutoza ada yake. Marekani, posta haizipokei kabisa. Anayekuahidi kuzituma kama kifurushi cha kawaida hana mzigo wa kutuma. Tovuti za aina hii zilizagaa wakati wa uhaba wa 2020 na 2021, na zinarudi kila fataki zikiadimika.

Pia huwaambia watu kwamba kazi hii "haihitaji kibali popote". Uongo. Kuna nchi ambazo fataki tu bila kibali ni kesi, na hata panaporuhusiwa kujaza zako, kujaza za kuuza kuna leseni yake. Uliza kwenu kwanza.

Pesa hazikurudi. Wiki iliyopita nimemwona tena kwa jina jipya: presi ile ile, juu ya meza ile ile yenye alama ya kuungua pembeni, na sasa anaongeza "risasi 200 zilizojazwa tayari" kwenye mfuko wa plastiki.