Boksi la Atlantis: kisiwa kinachozama mezani, na kijitabu kilichonikera

Haya jamani, karibuni tena. Msishangae hili beseni la maji mezani, lina kazi yake, tutafika. Boksi la Atlantis, kile kisiwa kinachosimuliwa kuwa kilimezwa na bahari, ndilo hili hapa. Nimelisubiri wiki 5, na tangu lifike juzi jioni kila nikizima taa nilale nakumbuka kitu, nainuka nalijaribu tena.

Ni modeli ya kisiwa cha Thera huko Ugiriki, ambacho wengi mnakijua kwa jina la Santorini. Ukubwa, uzito, rangi, hayo yote yapo kwenye picha za muuzaji, mtayaona wenyewe. Mimi nataka muone kitu kimoja.

Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Hiki ni kisiwa kabla ya mlipuko, ardhi imejikunja karibu pete nzima. Sasa naweka kwenye beseni, taratibu. Chini kabisa kuna chumba, kimejazwa mchanga mwekundu, huo ndio magma, yaani mwamba ulioyeyuka. Na hapa ubavuni kuna kijiti. Tulieni. Navuta.

Mmeona! Mchanga unatoka, na juu bado kumetulia, sekunde moja, mbili, halafu katikati yote inashuka kwa mpigo na maji yanaingia. Narudia, maana nilipoiona mara ya kwanza hata mimi nilidhani imevunjika. Ni kama shimo la choo lililoliwa kwa chini: juu unaona ardhi nzima, watoto wanapita, kuku wanapita, kumbe pa kuegemea hakuna. Thera ilikuwa hivyo hivyo. Volkano ilitapika magma yake karibu mwaka 1600 kabla ya Kristo, chumba cha chini kikabaki kitupu, paa likaporomoka, bahari ikajaa. Leo ukisimama pale ukingoni, jabali linashuka kama mita 300 mpaka majini. Nimesoma maelezo ya jambo hili kwa miaka, lakini kijiti hiki kimenielewesha kwa sekunde 3.

Kitu cha pili, kidogo tu. Ndani ya boksi wameweka jiwe. Lishikeni kwa macho: lina matundu matundu, jepesi kama andazi lililokauka. Ni lile jiwe la kusugulia visigino, povu la volkano lililoganda. Nalidondosha majini. Linaelea! Mwaka 1932 mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alikuwa anachimba Amnisos, pwani ya kisiwa cha Krete, akakuta chumba kimejaa mawe ya namna hii. Krete iko kilomita kama 110 kusini ya Thera. Akajiuliza yamefikaje pale. Mwaka 1939 akaandika kwamba mlipuko wa Thera ndio ulioangusha ustaarabu wa Waminoa, watu wa kale wa Krete, na mwaka 1967 akaenda Thera yenyewe, akachimba Akrotiri, akakuta mji chini ya jivu. Nyumba za ghorofa, picha ukutani za nyani wa buluu, vijana wakipigana ngumi, msafara wa meli. Maiti hawakuonekana, na dhahabu karibu hakuna. Watu walipata onyo wakabeba vyao wakaondoka. Kila nikifika hapo nawafikiria wale wanawake wakifunga mizigo usiku, hawajui kama watarudi.

Sasa kijitabu. Hiki. Ukurasa wa kwanza kabisa kimeandika kwamba Atlantis ni Thera, basi, jambo limekwisha. Hapana! Huwezi kumuuzia mtoto kitu kizuri hivi halafu umdanganye ukurasa wa kwanza.

Tuanze na aliyetuletea habari yenyewe. Chanzo ni kimoja tu, mwanafalsafa Plato wa Athens, karibu mwaka 360 kabla ya Kristo, katika maandishi yake mawili, Timaeus na Critias. Anasema Solon, mtunga sheria wa Athens aliyemtangulia, alisimuliwa na makuhani wa Sais, Misri. Kisiwa kilikuwa nje ya Nguzo za Herakle, yaani mlango wa Gibraltar, kikazama kwa mchana mmoja na usiku mmoja, miaka 9000 kabla ya Solon. Thera iko ndani ya Bahari ya Kati, na mlipuko ulitangulia Solon kwa miaka kama 1000 tu. Waliotaka kuokoa hesabu walisema makuhani walikosea, 900 ikageuka 9000. Lakini Wamisri waliandika 100 kwa alama ya kamba iliyoviringwa, na 1000 kwa yungiyungi. Hebu niambie, kamba na ua utavichanganyaje? Na Waminoa wenyewe hawakuzama kwa siku moja. Kasri lao la Knossos, huko Krete, liliendelea kukaliwa vizazi kadhaa baada ya mlipuko.

Nitakuwa mkweli, yapo yanayofanana. Plato anataja mawe meupe, meusi na mekundu, na Thera rangi hizo zote unaziona kwenye majabali. Anataja wafalme wanaokamata fahali bila silaha za chuma, na Krete imejaa picha za vijana wakiruka juu ya fahali. Asubuhi nilikuwa nimeshaandika kwenye karatasi yangu kwamba Thera inachukua pointi zote. Nimeifuta.

Nimeifuta kwa sababu ya Helike, na humu kijitabuni Helike haipo. Nimefungua kurasa zote, hakuna hata mstari mmoja. Helike ilikuwa mji wa Ugiriki kwenye Ghuba ya Korintho, wenye hekalu maarufu la Poseidon, mungu wa bahari. Usiku mmoja wa baridi mwaka 373 kabla ya Kristo ardhi ikatetemeka, bahari ikapanda, mji ukapotea na watu wake, na meli 10 za Sparta zilizokuwa zimetia nanga zikapotea nao. Plato alikuwa hai, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu! Miaka 13 hivi baadaye anaandika habari ya kisiwa cha Poseidon kilichomezwa na bahari kwa mchana mmoja na usiku mmoja. Vizazi baadaye Eratosthenes, mwanajiografia Mgiriki, alifika huko, na wavushaji wakamwambia kuna sanamu ya shaba ya Poseidon imesimama chini ya maji, inawatesa wavuvi kwa kunasa nyavu. Fikiria wewe ni mvuvi, wavu umekwama, na unajua umekwama kwenye mkono wa nani.

Mabaki ya mji yalipatikana mwaka 2001, baada ya watafiti Dora Katsonopoulou na Steven Soter kutafuta tangu 1988. Hayakuwa baharini. Yalikuwa nchi kavu, chini ya udongo wa mito, mahali palipokuwa wangwa zamani.

Kwa hiyo mimi nasema Plato alitunga Atlantis kuwaonya Waathens wenzake juu ya kiburi cha dola kubwa, na namna ya kuizamisha aliichukua kwenye kifo cha Helike alichokisikia akiwa hai. Thera huenda ilichangia kwa kumbukumbu ya mbali. Huenda.

Mlinitumia sana ile modeli nyingine, ya duara yenye taa za buluu. Nusu ya bei, ni kweli. Pete zake 2 za ardhi na 3 za maji ni kama Plato alivyosema juu ya mji wa Atlantis, lakini ukishawasha taa umemaliza, haikufundishi chochote. Na ninyi mnaosema Atlantis ni Jicho la Sahara, lile duara kubwa la mwamba kule Mauritania, nawasoma kila siku. Duara la Plato lina upana wa stadia 27, kipimo cha Wagiriki, yaani kilomita 5 hivi. La Mauritania ni kama kilomita 40, na ni mwamba ulioinuka ukamomonyoka. Hakuna mji pale.

Bei: 240,000 pamoja na usafiri. Ni nyingi. Jana ningewaambia msinunue, kwa hasira ya kijitabu. Leo nasema kama una darasa, nunueni kwa kuchangiana, kijitabu wekeni kando, ukurasa wa Helike waandikeni wenyewe. Mimi wangu nimeshaubandika, huu hapa.

Tangazo dogo: kuanzia mwezi ujao video zinatoka Alhamisi, na ya kwanza ni Rhapta, soko la pwani yetu lililotajwa na baharia Mgiriki karne ya 1 baada ya Kristo, ambalo mahali pake hapajathibitishwa mpaka leo. Gonga kengele isikupite.

Mchanga umebaki kidogo. Nazima muziki, navuta tena, safari hii msikilize sauti ya maji yakiingia.