Chupa za achari na jamu: geuza kifuniko kabla hujauliza bei

Msimu wa maembe uliopita nilipoteza chupa 17 za achari kati ya 24. Achari yenyewe haikuwa na kasoro: embe mbichi nilizikata vipande, nikazitia chumvi, nikazianika juani siku mbili, kisha nikaweka pilipili, bizari, kitunguu saumu na siki. Wiki ya tano alikuja mgeni, nikafungua chupa ya kwanza. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na duara la kahawia. Rangi nyeupe ilikuwa imevimba na kubanduka kama ngozi iliyorukiwa na mafuta ya moto, na chini yake embe lilikuwa na doa la kutu. Nikafungua ya pili, ya tatu, ya nne. Saba tu ndizo zilizosalimika.

Vifuniko vile nilivinunua Kariakoo. Chupa zilikuwa kwenye boksi lake, vifuniko kwenye gunia peke yake, na nilipouliza kwa nini, muuzaji alinijibu, "Dada, kifuniko ni kifuniko tu. We angalia chupa ilivyo nzito." Nikaipima chupa mkononi, kweli nzito, nikalipa. Kifuniko kimoja kilikuwa shilingi 300, wakati nilichokikataa duka jingine kilikuwa 1,500. Kwa vifuniko 24 niliokoa shilingi 28,800. Achari yangu naiuza 6,000 kwa chupa, kwa hiyo zile 17 ni shilingi 102,000 nilizozimwaga kwenye ndoo. Na chupa zenyewe ninazo hadi leo, nzima kabisa.

Ndiyo maana katika mwongozo huu sitazungumzia uzuri wa chupa, wala umbo, wala kama kioo kinang'aa. Hayo kila mtu anayaona. Nazungumzia kitu ambacho sijawahi kumwona mteja akikitazama dukani: upande wa ndani wa kifuniko.

Geuza kifuniko uone. Kuna vitu viwili pale. Cha kwanza ni rangi iliyopakwa juu ya bati, nyeupe au ya dhahabu, na kazi yake ni kuitenga siki na chuma. Ikiwa nyembamba au imechubuka, siki na chumvi vitapenya hapo hapo na kuanza kula bati. Cha pili ni mpira mwembamba unaozunguka ukingoni. Ukichemsha chupa iliyojazwa, hewa iliyobaki juu inasukumwa nje, na chupa ikipoa kifuniko kinanyonywa chini. Mpira ule ndio unaozuia hewa isirudi. Kioo hata kiwe kinene namna gani, mpira ukiwa mbovu umefunga bure.

Mimi sasa nafanya hivi, na muuzaji akikunja uso nahamia duka la pili. Nabonyeza mpira kwa ukucha. Mpira mzuri unabonyea kidogo kisha unarudi, mbaya unabaki na alama au unatoka vipande vipande kama nta kavu. Naangalia rangi ya ndani nikiielekeza kwenye mwanga, na nikiona mchubuko hata wa saizi ya punje ya mtama, au bati tupu linalong'aa, nakirudisha. Kisha nafunga kifuniko kwenye chupa yake pale pale. Meno yake yote yanatakiwa yakamate kwa pamoja. Kikizunguka bila kukaza, au kikikaa upande, basi saizi si yake. Vifuniko vya milimita 63 na vya 66 ukivitazama kwa jicho ni ndugu, na kwenye gunia vinachanganywa, kwa hiyo nabeba rula.

Baada ya kusema hayo, hivi ndivyo ninavyozipanga chupa, bora ikiwa ya kwanza.

Ya kwanza kwangu, na sifichi mapenzi yangu, ni Quattro Stagioni za Bormioli Rocco, kampuni ya Italia. Ni chupa zenye michoro ya matunda iliyoinuka kwenye kioo, na kifuniko cha kipande kimoja, nje rangi ya dhahabu, ndani nyeupe. Ile rangi ya ndani ni nzito, imeenea hadi kwenye mkunjo wa ukingo, mahali ambapo vifuniko vya gunia huanzia kupata kutu. Mpira ni mpana na laini. Katikati kuna kitufe kinachozama chupa ikipoa, na ukikibonyeza kikalia "tak" ujue haijanyonya, iweke kwenye friji uile wiki hiyo. Nina chupa yake ya achari ya ndimu iliyokaa miezi 11, nilipoifungua kifuniko kilikuwa cheupe kama siku niliyokinunua. Lililonifunga kabisa ni kwamba vifuniko vyake vinauzwa peke yake, kwa saizi za milimita 56, 70 na 86, hivyo chupa unanunua mara moja na kila msimu unabadilisha kifuniko tu. Kifuniko kilichokwisha chemshwa usikirudie kwa kazi ya kuweka muda mrefu, hata kama kinaonekana kizima, maana mpira umeshachukua alama ya mdomo wa ile chupa.

Bei yake inauma, sitakudanganya. Kama huwezi kununua dazeni, anza na nne. Nne za uhakika ni bora kuliko 24 za kumwaga.

Ya pili ni chupa za Kimarekani, za aina aliyoisajili John Landis Mason mwaka 1858, ambazo wengi wanazijua kwa jina la Ball au Kerr. Kifuniko chake ni vipande viwili: kisahani bapa chenye mpira, na pete ya kukazia. Nazipenda kwa sababu hazifichi kitu. Chupa ikishapoa na kutulia siku nzima unaitoa pete, na kisahani kama hakijanyonya kinanyanyuka chenyewe kwa kidole. Kwetu Pwani kuitoa pete ni lazima hata hivyo, kwa kuwa unyevu wa bahari unaipa kutu kwa nje na mwisho inagandana na chupa. Hapa Dar kuzipata ni kwa kubahatisha. Lakini kama una ndugu Marekani anayekuja likizo, usimwombe chupa, ni nzito na zitavunjika njiani. Mwombe visahani. Boksi la visahani 12 linaingia kwenye kiatu. Mwambie saizi kwa milimita, 70 kwa mdomo mdogo au 86 kwa mdomo mpana, maana ukimwambia "vya kawaida" atakuletea alichokiona kwanza. Shemeji yangu aliniletea vya 86 wakati chupa zangu zote ni za 70, na vimekaa kabatini mwaka mzima.

Ya tatu ni za klipu zenye kifuniko cha kioo na pete ya mpira, kama Le Parfait za Ufaransa na Kilner za Uingereza. Kwa siki hakuna mfuniko unaozishinda, kwa sababu achari haigusi chuma popote. Ingekuwa pete za mpira zinapatikana kirahisi ningeziweka juu kabisa. Hazipatikani. Nimezunguka maduka manne nikitafuta pete tu, na kila duka linataka ninunue chupa nyingine nzima. Halafu kuna zile za mapambo zinazofanana nazo, zenye waya mwembamba na pete nyepesi, zinazouzwa pamoja na riboni za harusi. Hizo ni za kuwekea tambi na iliki. Usizichemshe. Vuta klipu kwa kidole kimoja: ikifunguka bila kukushinda, iache.

Chupa za kawaida za wajasiriamali, zenye kifuniko cha kuzungusha, zinafaa kwa jamu, yenye sukari nyingi na isiyo na siki, mradi umepitisha kila kifuniko kwenye ukucha na mwanga. Chupa kuukuu za kahawa na mayonizi ni za friji, basi.

Kinachoniudhi ni namna biashara hii inavyoendeshwa. Kuna duka wanakuuzia chupa moja moja lakini vifuniko lazima uchukue katoni nzima, na mama anayetengeneza chupa 30 kwa msimu atapeleka wapi vifuniko mia kadhaa? Duka jingine vifuniko vimefungwa kwenye nailoni na ukiifungua umenunua, yaani hicho kitu ninachokuomba ukikague ndicho wasichotaka ukione. Na ikifika Desemba, embe zinaposhuka bei sokoni, chupa na vifuniko vinapanda, ilhali ni mzigo ule ule uliokuwa umelala stoo tangu Agosti. Nimeuona kwa macho yangu, una vumbi lile lile. Nunueni Septemba au Oktoba.

Jambo moja lazima niliseme kwa wanaoanza. Kifuniko kizuri hakigeuzi chakula chochote kuwa cha kuweka kabatini. Achari yenye siki ya kutosha na jamu, sawa. Nyanya, ongeza kijiko kikubwa cha maji ya limau ya chupa kwa kila nusu lita kabla ya kuchemsha, kwa sababu ukali wa nyanya peke yake hautabiriki. Lakini nyama, samaki, kisamvu na maharage mabichi havifai kwa sufuria ya kawaida. Mbegu za bakteria wa botulinum, wanaotoa sumu inayoweza kuua, hazifi kwa maji yanayochemka, zinahitaji chombo maalumu cha mgandamizo kinachofika nyuzi 116 hivi za Selsiasi. Nikiulizwa kifuniko gani kinafaa kisamvu cha kwenye chupa, jibu langu ni friza.

Ukishanunua, jaribu kimoja kabla ya kupika. Jaza chupa maji ya moto, acha nafasi ya kidole juu, funga, chemsha dakika 10 maji yakiwa yamefunika kifuniko, kisha iweke juu ya kitambaa usiku kucha. Asubuhi bonyeza katikati. Kama kitufe kimekaa chini, ilaze kwenye karatasi kavu hadi jioni. Karatasi ikilowa hata tone, rudisha vifuniko vyote dukani ukiwa na risiti yako.