LeoCAD na injini ya Garratt ya matofali

Hapa Jinja nimetumia LeoCAD, programu ya bure ya kompyuta yenye vipande vya LDraw, maktaba ya matofali ya kuchezea ya kidijitali, kuunda kwenye skrini injini ya mvuke ya Garratt ya daraja la 59, ambayo Beyer, Peacock ya Manchester iliitengenezea Reli ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1950. Raha yake kubwa ni kwamba boila linaning'inia kati ya seti mbili za magurudumu, nami niligeuza kila seti peke yake, kidogo kidogo, hadi nikaona pembe ya tangi la mbele ikikaribia kuligusa boila kwenye kona. Nikapunguza tofali moja. Rangi yake ya damu ya mzee ipo kwenye programu. Uimara wa kiungo kati ya boila na seti hizo, hata hivyo, huthibitishwa na matofali halisi mkononi.