Protein Data Bank darasani: maoni ya mwalimu wa Malindi

Kwa mwalimu wa biolojia hapa Malindi ambaye maabara ya shule yake ina darubini chache na chupa za kemikali tu, sijaona huduma ya bure inayofundisha kazi ya vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini) na vizuizi vyake vizuri kuliko Protein Data Bank. Hazina hii ya kimataifa ilianzishwa mwaka wa 1971 ikiwa na miundo 7 ya protini, na leo imepita miundo 200,000. Hujisajili wala hulipi. Unaandika msimbo wa herufi na tarakimu nne, na programu ya Mol* inakuchorea umbo la pande tatu unaloweza kuligeuza kwa kidole, hata kwenye simu.

Nimeipima huduma hii kwa protini moja, antitripsini alfa-1, kwa kuwa ndiyo inayodhihirisha vyema uwezo wake na upungufu wake. Protini hii ya binadamu ina asidi amino (vipande vidogo vinavyounganishwa kuwa protini) 394, hutengenezwa hasa na ini, na kazi yake kubwa ni kuyalinda mapafu dhidi ya elastesi, kimeng'enya ambacho seli nyeupe za damu hukitoa zinapopambana na vijidudu na ambacho kisipodhibitiwa hula nyuzi zinazoyawezesha mapafu kutanuka na kunywea.

Fungua kwanza 1QLP, yaani protini ikiwa bado haijakutana na kimeng'enya. Juu kabisa utaona kitanzi kilichochomoza, na ndani yake, katika nafasi ya 358, imo asidi amino iitwayo methionini, ambayo ndiyo chambo chenyewe. Moshi wa sigara ukiioksidisha, uwezo wa protini wa kuinasa elastesi hupungua sana. Kisha fungua 1EZX, muundo uliochapishwa mwaka wa 2000, ambamo protini hiyohiyo imekwisha kuinasa tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enya chakula kilichotumika hapa badala ya elastesi. Kitanzi kimekatwa, kimezama katikati ya bapa kubwa la nyuzi beta (sehemu za mnyororo wa protini zilizonyooka na kulala sambamba) na kuwa uzi mmoja zaidi ndani yake, na tripsini iliyoganda kwenye ncha yake imeburutwa kutoka juu hadi chini kabisa, umbali wa takriban nanomita 7. Ni mtego wa panya uliokwisha kufyatuka, wala hautegeki tena. Mwanafunzi aliyezoea kuambiwa kwamba kizuizi huziba tu mahali pa kimeng'enya pa kufanyia kazi huona hapa jambo kubwa zaidi: kizuizi hiki hujitoa mhanga, kikabadilika umbo zima ili kumwangamiza mpinzani wake. Kuiweka miundo hiyo miwili ubavu kwa ubavu ukutani kwa projekta ni somo ambalo mchoro wa ubaoni hauliwezi.

Hata hivyo, huduma hii haimshiki mkono anayeanza. Katika 1EZX tripsini inaonekana pungufu, kana kwamba imeliwa na mchwa, na mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, hili faili limeharibika?" Faili ni zima. Zaidi ya theluthi moja ya tripsini ilikuwa imepoteza mpangilio wake baada ya kuburutwa na kubanwa, kwa hiyo eksirei zilizopitishwa kwenye fuwele hazikuweza kuionyesha, na huko kuvurugika ndiko hasa kunakokizuia kimeng'enya kisijinasue. Jambo zito kama hili lilistahili maelezo mafupi pembeni mwa picha; ilivyo sasa, mwalimu asiyesoma makala ya watafiti wenyewe hatakuwa na jibu. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na kwa mtandao wetu unaoyumba ni heri kupakua mafaili mapema, nyumbani au ofisini.

Wenzangu wengine hupendelea hazina ya AlphaFold, ambayo tangu mwaka wa 2021 hutoa maumbo yaliyokisiwa na kompyuta. Ni kazi ya kusifiwa, lakini kwa protini hii haitoshi, kwani hutoa umbo moja, ilhali siri yote ya antitripsini imo katika safari ya kutoka umbo moja kwenda jingine. Hapo kuna mtego mwingine wa kuangalia unapofundisha kuhusu badiliko la Z, hitilafu ya kurithi ambapo asidi amino glutamati ya nafasi ya 342, kwenye shina la kitanzi, hubadilishwa na lisini, na protini zikaungana minyororo ndani ya ini badala ya kufika mapafuni. AlphaFold huhesabu pia asidi amino 24 za mwanzo ambazo mwili huzikata, hivyo nafasi hiyohiyo huko huitwa 366. Ziandike namba zote mbili ubaoni kabla ya kuwasha projekta.