Vifunika masikio vya Howard Leight Impact Sport kwa anayejifunza kulenga shabaha

Mpwa wangu, aliyekulia Tanga na sasa anasoma hapa Texas, aliniomba nimfundishe kulenga shabaha. Siku ya kwanza nilikosea palipokuwa rahisi kutokosea. Nilitumia wiki nzima kufikiria bunduki, nikachagua Ruger 10/22 inayotumia risasi ndogo ya .22 kwa kuwa haisukumi bega, kisha nikaridhika kumvisha vifunika masikio vya kukodi vilivyotundikwa ukutani katika kiwanja cha ndani, ambavyo sponji zake zilikuwa zimekakamaa na kupasuka. Risasi yake ya kwanza ilitoka vizuri. Kabla ya ya pili, mtu wa kibanda cha jirani alifyatua bastola ya milimita 9, na tangu hapo binti akawa anafumba macho kabla kidole hakijagusa triga. Nilipomwambia asifumbe, alinijibu kwa kupaza sauti: "Mjomba, sikusikii!"

Kishindo kilikuwa kinapita na maneno ya mwalimu hayapiti, na baada ya somo hilo nilinunua Impact Sport, kwa dola zisizofika 60, nikitafuta kitu kitakachogeuza hali hiyo. Vifunika hivi vya kielektroniki vinatumia betri mbili ndogo za AAA na vina vipaza sauti viwili, yaani maikrofoni, vinavyotazama mbele, ambavyo hukuza sauti za karibu, kama mazungumzo, hadi desibeli 82, na kuacha kuzikuza mara sauti inapozidi kiwango hicho. Wanunuzi wengi hudhani kwamba ile elektroniki ndiyo inayozuia kishindo cha risasi. Sivyo: kinachozuia ni kikombe chenyewe na sponji inayoshika ngozi kuzunguka sikio, na kazi ya elektroniki ni kuruhusu maneno yapite bila mtu kuinua kikombe. Kwa mwanafunzi hilo la mwisho lina uzito mkubwa, kwa sababu anayeanza huinua kikombe kila anapoulizwa jambo, na jirani wa kibanda cha pili hamsubiri akirudishe.

Kasoro yake kubwa imeandikwa kwenye boksi: kiwango cha kupunguza kelele, yaani NRR, ni 22 tu. Bunduki ya .22 hutoa takribani desibeli 140, na bastola ya milimita 9 hukaribia 160. Tofauti hiyo ya 20 isichukuliwe kuwa ndogo, maana kwa kipimo cha desibeli ni shinikizo la sauti mara 10. Tena namba za boksi hupatikana maabara, kwa watu waliovalishwa ipasavyo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, ilishauri kupunguza robo ya namba hiyo kwa vifunika vya vikombe na nusu kwa viziba vya sponji vya kusokota. Ukifanya hesabu hiyo, 22 ya Impact Sport na 33 ya viziba vya Howard Leight Max zote zinaishia 16.5, jambo lililonishangaza kidogo, kwani dukani nilikuwa nimeziona kama vitu viwili visivyolingana hata kidogo. Kwa hiyo mpwa wangu huvaa vyote viwili. Kuvaa viwili hakujumlishi namba hizo. Kwa kanuni inayotumika sana kazini, huongeza kama desibeli 5 tu juu ya kile chenye namba kubwa. Hata hivyo, katika chumba ambacho kuta hurudisha kila mlio, desibeli 5 nazihesabu.

Kiziba chenyewe kinahitaji somo lake kabla ya somo la bunduki. Husokotwa kwa vidole hadi kiwe chembamba bila mikunjo, mkono wa upande wa pili ukapita juu ya kichwa na kuvuta sikio juu na nyuma, kisha kikasukumwa ndani na kushikiliwa kwa nusu dakika mpaka kivimbe. Mara ya kwanza mpwa wangu alikichomeka tu kama kizibo cha chupa, nusu yake ikabaki nje. Tulirudia sebuleni mara nne. Kikishakaa sawa, sauti ya vifunika huongezwa, na maneno yangu humfikia ingawa masikio yameziba.

Jambo ambalo sikulikuta katika tathmini yoyote niliyosoma ni ushungi. Kikombe kikikaa juu ya kitambaa, hata chepesi, kitambaa huacha mwanya na kishindo hupenya. Mikono minene ya miwani ya kinga hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana nilimtafutia yenye mikono myembamba. Tulijaribu kuvaa vifunika ndani ya ushungi, sponji zikashika vizuri, lakini kitambaa kilisugua vipaza sauti na kumletea mkwaruzo usiokoma. Kilichofaa ni vikombe kugusa ngozi, na mtandio mwepesi kupita juu yake na kubanwa kwa pini nyuma ya vikombe, ili upande wa mbele wenye vipaza sauti ubaki wazi.

Vikombe vya Impact Sport ni vyembamba, na hapo ndipo ninapovipendelea kuliko Peltor X5A yenye NRR ya 31, ambayo vikombe vyake vinene hugonga kitako cha bunduki shavu linapolazwa, vikajiinua wakati ule ule risasi inapotoka. Kwa bastola peke yake, na kwa mtu asiyehitaji tena kuelekezwa, ningechukua hiyo Peltor bila kusita. Nje kwenye upepo, vipaza sauti vya Impact Sport huvuma kiasi cha kuudhi, nami humwambia apunguze sauti mpaka nitakapokuwa na la kusema.

Somo la pili tulilifanyia kiwanja cha wazi, asubuhi, bila majirani wa karibu. Nilisimama nyuma ya bega lake nikasema kwa sauti ya kawaida, "Vuta pumzi, usiharakishe." Aliitikia kwa kichwa bila kugeuka, na katika risasi kumi zilizofuata niliyatazama macho yake kuliko shabaha: alifumba mara moja tu, nyuki alipopita.